Furaha Anayoiona Mgeni

Mtu anayetembeza wageni katika jiji la Dar es Salaam husikia sentensi moja mara nyingi mno, hata huitambua inapokuja kabla haijatamkwa. Mgeni amezunguka Kariakoo, amepenya katikati ya meza za mitumba na mafungu ya nyanya, ametaniwa na machinga, ameonjeshwa kipande cha nanasi bila kudaiwa chochote, na sasa amesimama kivulini akifuta jasho. Hapo humgeukia mwenyeji wake na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli, kwamba watu hawa hawana kitu lakini wana furaha kuliko watu wa kwao. Sijawahi kukutana na mgeni aliyeyasema maneno hayo kwa dharau. Wengi huyasema kwa heshima, na baadhi huyasema machozi yakiwalengalenga, kwa kuwa wanakumbuka upweke wa wazazi wao waliozeeka au uchovu wa kazi waliyoiacha huko walikotoka. Hata hivyo naamini kwamba maneno hayo yana madhara, na kwa kuwa katikati ya jua na kelele za sokoni hakuna nafasi ya kuyajibu ipasavyo, nimeona niyajibu hapa kwa utulivu.

Nianze na lile ambalo mgeni hakukosea. Furaha anayoiona ipo, wala haikuigizwa kwa ajili ya kamera yake. Watu wa mji huu hutaniana kutwa. Shabiki wa Yanga humsubiri shabiki wa Simba kijiweni asubuhi baada ya mechi, dereva wa bajaji humwita abiria asiyemjua mama mkwe, na konda humsihi mtu asogee kidogo kwa maneno yanayoichekesha daladala nzima. Msiba ukitokea mtaani, turubai hufungwa, viti hukodiwa, masufuria makubwa huinjikwa, na watu ambao juzi walikuwa wakigombania foleni ya maji hukaa mkeka mmoja hadi usiku wa manane. Mtu akiniambia kwamba haya ni utajiri, nakubaliana naye kwa moyo wote, na nisingependa kuishi mahali ambapo hayapo. Kosa linaanza pale furaha hii inapochukuliwa kuwa ushahidi kwamba umaskini hauumi, au kwamba walio nao wamekwisha kuuzoea.

Jambo hili limepimwa, na matokeo yake huwashangaza wageni wangu karibu wote. Tangu mwaka 2012 hutolewa ripoti ya dunia kuhusu furaha, ambayo mizani yake kuu ni swali moja linaloulizwa na Gallup, shirika la utafiti wa maoni ya watu, katika nchi nyingi. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 chini hadi 10 juu, kidato cha juu kikiwa ndiyo maisha bora kabisa anayoweza kuyapata yeye, na cha chini yakiwa maisha mabaya kabisa, kisha aseme anaona amesimama kidato cha ngapi. Katika ripoti ya mwaka 2018 Finland iliongoza, na Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156. Mwaka mmoja kabla yake tulikuwa wa 153 pia, kati ya nchi 155. Watanzania walipoulizwa wenyewe, kwa vinywa vyao, maisha yao yamefika wapi, walijiweka karibu na chini kabisa ya orodha ya dunia.

Je, basi kicheko cha Kariakoo ni cha uongo? La hasha. Gallup hao hao huuliza pia maswali ya namna nyingine: jana ulicheka au kutabasamu sana, jana uliheshimiwa, jana ulipumzika vya kutosha? Swali la jana na swali la ngazi ni maswali mawili, na majibu yake hayalazimiki kwenda pamoja. Mtu anaweza kuwa alicheka jana tangu asubuhi hadi jioni na bado akajiweka kidato cha tatu, bila kujipinga hata kidogo. Mwaka 2001 watafiti Robert Biswas-Diener na Ed Diener walichapisha matokeo ya mahojiano yao na watu maskini sana wa mjini Kolkata, India, wakiwemo wanaolala barabarani. Walipouliza kuhusu sehemu mojamoja za maisha, kama vile familia na marafiki, majibu yaliegemea upande wa kuridhika, lakini walipouliza kuhusu maisha kwa jumla, majibu yalishuka kidogo upande wa kutoridhika. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya Dar es Salaam ninayoijua. Mgeni wa siku mbili huona la jana kwa sababu linaonekana kwa macho. La ngazi halionekani kwa macho, lazima liulizwe, na mtu hulijibu kwa ukweli pale tu anapomwamini anayeuliza.

Nitoe mfano wa jioni katika mitaa ya Magomeni au Temeke, kwa sababu hapo ndipo wageni wangu huvutiwa zaidi. Nyumba nyingi za zamani za huko zimejengwa kwa mtindo mmoja: ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko na choo, na mbele baraza. Saa kumi na mbili jioni baraza zote zimejaa. Wanawake wanasukana nywele, wazee wanacheza bao, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake na sahani ya kashata mkononi, watoto wanakimbizana. Mgeni anayetoka katika jengo la ghorofa ambalo hamjui hata jirani wa mlango wa pili huiona jamii aliyoipoteza, na ana haki ya kuitamani. Asichokijua ni kwamba katika nyumba hiyo kila chumba kinaweza kuwa na familia nzima, chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kitanda, kabati, jiko la mkaa lililowekwa kona na ndoo za maji, chini ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi. Watu wako nje kwa sababu wanapendana, na wako nje pia kwa sababu ndani hakukaliki. Kijana wa kidato cha nne anayesoma kwenye mwanga wa taa ya duka, ambaye mgeni humpiga picha akisifu bidii yake, yuko pale kwa kuwa wadogo zake wamelala mahali ambapo angeweka daftari. Wale wanaocheka barazani wanajua kwamba mwenye nyumba akija kudai kodi ataitaka ya miezi sita kwa mkupuo, na kuna ambao tayari wanahesabu kimoyomoyo watakwenda kumkopa nani.

Yapo pia majira. Wageni wengi hutujia kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi na upepo mzuri wa bahari, na wengine huja mwishoni mwa Desemba. Ni wachache sana wanaopanga likizo ya Aprili, na anayewauzia safari huwashauri wasije. Basi hawaoni masika. Hawaoni Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Jangwani ikifungwa, magodoro yakianikwa juu ya mapaa na watu wakivuka maji ya matope yanayowafika magotini huku viatu wameshika mikononi. Hata nje ya masika hatari ipo: mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi na shule zao. Nasikitika ninapoona jinsi hukumu ya maisha ya watu inavyotolewa kwa kuangalia miezi ile tu ambayo hali ya hewa imewapumzisha.

Katika matembezi yangu huwapeleka wageni Feri, soko la samaki la Magogoni, na baada ya mnada hula kwa mama lishe mmoja ambaye nimemzoea kama ndugu. Ni mcheshi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Hutania wavuvi, huwapa wateja majina ya heshima ya kubuni, humwita mgeni wa miaka sabini kijana wake. Siku moja mgeni mmoja aliniomba nimtafsirie kwamba amevutiwa na furaha yake, na kwamba kwao watu wana kila kitu lakini hawana uso kama wake. Mama lishe alicheka, akafuta mikono kwenye khanga, akaniambia, "Mwulize, mdogo wangu, kama kwao mtu akiwa na shida huja kazini amenuna." Mgeni alifikiri, kisha akajibu kwa unyofu kwamba kwao watu huja kazini wamenuna hata wasipokuwa na shida. Wote wawili wakacheka. Lakini mama hakuishia hapo. Alisema, "Mteja hanunui uso uliokunjamana. Nikinuna leo, huyu anakwenda kula kwa jirani yangu, na jioni mimi nauza nini?"

Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, ambao tabasamu lao ni sehemu ya kazi wanayolipwa. Mama lishe wangu hajamsoma, ila anaijua hoja hiyo kwa ndani, kwa sababu yeye hakuna anayemlipa mshahara wa tabasamu. Huamka Mbagala saa tisa usiku ili awahi daladala za kwanza. Mkaa hununua kwa gunia akipata, kwa kopo akikosa, na kwa kopo ni ghali zaidi. Samaki huchukua kwa mkopo asubuhi na kuwalipia mchana akishauza, kwa hiyo siku ya mvua, wateja wasipokuja, deni hubaki palepale huku samaki wakiharibika. Kila siku hutoa fedha ya mchezo, yaani mchango ambao yeye na wenzake hupokezana kwa zamu, na anaogopa kuiruka zamu yake kuliko anavyoogopa ugonjwa. Wakati fulani mwanawe alipolazwa alichukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ambayo mkopeshaji hufika kila siku na daftari lake kukusanya rejesho, na ilimchukua muda mrefu kujinasua. Yote haya aliniambia akiwa anapakua wali, bila kupunguza utani kwa wateja wengine. Huo utani ulikuwa wa kweli, na ulikuwa kazi pia. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Hapa kuna kosa la pili ambalo huambatana na la kwanza, nalo halizungumzwi sana. Mgeni anayemwona mama huyo akipika juu ya mafiga chini ya mwavuli uliochanika humhesabu kuwa fukara, wakati yeye ni mfanyabiashara mwenye wateja wa kudumu, mwenye msaidizi anayemlipa na mwenye kiwanja anachokijenga kidogo kidogo nje ya mji. Kwa hesabu za serikali, yeye si maskini hata kidogo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wako chini ya mstari huo, huku Dar es Salaam wakiwa asilimia 8 tu. Mtu anayeifahamu bei ya unga, nauli na mkaa katika jiji hili ataelewa mara moja kwamba kuuvuka mstari huo hakumaanishi kutoka kwenye shida. Kati ya ufukara ambao mgeni anaufikiria na raha ambayo anadhani ameiona, kuna watu wengi sana ambao maisha yao ni hesabu ya kila siku, wasiojiona fukara na wasiojiona wamefika. Hao ndio wakazi halisi wa jiji hili lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, na hao ndio ambao sentensi ya mgeni huwafuta.

Sentensi yenyewe ina umri mkubwa kuliko utalii. Mwaka 1770 nahodha James Cook, baada ya kuipitia pwani ya mashariki ya Australia, aliandika katika kumbukumbu za safari yake kwamba wenyeji wa huko wanaweza kuonekana kuwa watu duni kabisa duniani, lakini kwa hakika wana furaha zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu ardhi na bahari huwapa kila wanachohitaji na hawatamani majumba wala vyombo. Ni maneno mazuri, na sina sababu ya kudhani kwamba hakuyaamini. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo aliitangaza pwani hiyo kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na mwaka 1788 meli za wafungwa na askari zikafika kuanzisha makazi. Sisemi kwamba sifa ndiyo iliyoleta unyang'anyi. Ninachosema ni kwamba sifa hiyo haikumzuia mtu yeyote kunyang'anya, na kwamba ukishaamini kuwa mtu hahitaji kitu, huoni ubaya wa kutompa kitu, wala wa kumchukulia alichonacho.

Madhara ya leo ni madogo zaidi, ila ni ya jinsi hiyohiyo. Mgeni aliyetoka kusifu furaha ya watu ndiye huyo ninayemkuta Mwenge akimbana mchonga vinyago apunguze elfu tano, akiniambia pembeni kwamba hapa watu hawahitaji fedha nyingi ili kuishi. Katika Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, wapagazi huimba na kucheza mbele ya wageni siku ya mwisho, siku ambayo bakshishi hugawanywa, na video zao husambaa dunia nzima kama picha ya watu wasio na wasiwasi. Wanaoziangalia hawajui kwamba mizigo imewekewa kikomo cha kilo 20 kwa sababu bila kikomo ilizidishwa, wala kwamba tangu mwaka 2003 umekuwepo mradi maalumu wa kufuatilia kama wapagazi wanalipwa, wanalishwa na wanapata mahali pa kulala panapostahili. Amartya Sen, mwanauchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kupunguza matamanio yake ili aweze kuishi bila kukata tamaa, na kwa hiyo kuridhika kwake hakuwezi kuwa kipimo cha haki anayostahili. Sijasoma maelezo yanayonigusa zaidi ya hayo, kwa kuwa nimewaona watu wakiyafanya hayo mbele ya macho yangu, wakiacha kuitaja shule ambayo mtoto angesoma na upasuaji ambao goti lingefanyiwa.

Na sisi je? Kila Desemba mabasi ya kwenda mikoani hujaa, watani huwacheka Wachaga kwamba wanakwenda kuhesabiwa, na wiki mbili baadaye wakazi wa Dar es Salaam hurudi na hadithi ileile ambayo Wazungu hutuambia sisi. Kijijini kuna raha, husema, kijijini hakuna presha, watu wanakula vya shambani na kulala mapema, laiti ningekuwa na maisha ya shangazi yangu. Shangazi mwenyewe alichinja kuku aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya sare ya shule ya mjukuu, akatabasamu siku zote mbili za ugeni, na hakuulizwa anapata wapi dawa ya shinikizo la damu. Huo si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Ni ugonjwa wa yeyote anayefika mahali kupumzika, kwa sababu anayepumzika huona kila kitu kimepumzika. Sisi tuna uwezo wa kuupona mapema kuliko wageni, maana shangazi ana simu, na lugha ya kumuuliza tunayo.

Kwa wageni nimebadilisha utaratibu. Siwakatazi kusema wanachohisi, lakini kabla hatujafika Feri huwaomba waandae maswali juu ya kazi: unaamka saa ngapi, mtaji unaupata wapi, mvua ikinyesha inakuwaje, ungepata fedha kidogo zaidi ungefanya nini. Huwaomba pia waulizwe wao, na nusu saa ya mazungumzo na mama lishe hulipiwa kama sahani za chakula ambazo angeuza katika muda huo, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipendekeza na kulipangia bei. Mara ya mwisho alimjibu mwanamume mmoja kutoka Uholanzi kwamba angetaka kibanda chenye kufuli, ili aache kubeba masufuria kwenda Mbagala na kurudi kila siku, kisha akataka kujua kwao kodi ya nyumba hulipwa kwa miezi mingapi. Aliposikia kwamba hulipwa kila mwezi hakuamini, akaniambia nimuulize tena, na akamwita jirani yake wa meza ya pili aje asikie. Yule jirani naye alitaka kujua ikiwa mwenye nyumba wa huko anaruhusiwa kupandisha kodi anapojisikia, na mgeni akaanza kueleza kwamba yeye mwenyewe, kwa miaka kadhaa sasa, ametafuta nyumba Amsterdam bila mafanikio kwa sababu ya bei. Waliendelea hivyo, mimi nikitafsiri pande zote mbili, hadi wateja wa saa saba walipoanza kukaa kwenye mabenchi na mama lishe akasimama kwenda kupakua.